Mguu wa Mwalimu Kwera

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi wa nyuma sijawasikia. Mmeshiba au mmesinzia? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja.

Zamani hizo za kale, ndege walipokuwa bado wanasomea kusuka viota, palikuwa na chuo juu ya mgunga, kando ya kinamasi. Mwalimu mkuu alikuwa Kwera. Kwera huyo alisuka miaka na miaka mpaka mdomo ukawa unasuka wenyewe. Akifundisha husema, "Unapita hivi, unarudi hivi, basi." Chwi-chwi-chwi, kiota hicho kinaning'inia. Wanafunzi wamekodoa macho tu.

Mwaka huo akaja Mnana, kijana wa mwaka wa kwanza, kifua cha njano, macho ya aibu. Kwao yeye ndiye wa kwanza kwenda chuo. Mama yake alimtangaza bonde zima. Na sheria ya chuo ilikuwa moja: upepo wa masika ukivuma, ambaye kiota chake kitaanguka anarudi kwao.

Mnana akasuka. Pu! Kikaanguka. Akasuka tena. Pu! Kumwuliza mwalimu akaogopa, ataonekana mjinga. Kuwauliza wenzake akaona haya, maana kila mmoja anatikisa kichwa kama aliyeelewa. Nanyi mnajua, darasani wanaotikisa kichwa ni wengi kuliko wanaoelewa.

Walimu wakaona viota vinazidi kuanguka, wakasema wanafunzi wasaidiane. Wazo jema. Msaidizi wakamchagua nani? Kasuku, kwa kuwa ndiye aliyeongoza mtihani wa mdomo. Kasuku akapanda tawini, akakohoa, akasema, "Unapita hivi, unarudi hivi, basi." Neno kwa neno, hata kikohozi ni cha mwalimu. Kiota cha Mnana, pu!

Siku hiyo Mnana alilia. Alilia hasa. Akaanza kuaga matawi, ajiondokee kabla upepo haujamfukuza.

Akamkuta Chiriku, wa mwaka wa pili. Chiriku mnamjua, mdomo wake hauna likizo. Lakini mwanzoni hakusema mengi. Alikitazama kile kiota pale chini, akauliza, "Mdogo wangu, kilifunguka wapi?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Mnana akaonyesha fundo la kwanza, lile la kwenye tawi.

"Hapo hapo ndipo changu kilipokuwa kinafunguka mwaka jana," akasema Chiriku. "Walinicheka mpaka nikakosa hamu ya kula. Kwani wewe unakanyaga?"

"Nakanyaga nini, dada?"

"Ncha ya jani. Mdomo unazungusha, mguu unakanyaga. Ukiachia mguu, fundo linalegea."

Mnana akakanyaga. Akazungusha, akavuta. Fundo likang'ang'ania. Wakashinda pamoja kutwa nzima, na Chiriku hakumsukia hata jani moja. Alikaa tu karibu naye, akapiga soga zake.

Upepo ukaja. Vuu! Vuu! Kiota cha Mnana kikayumba, kikazunguka, kikabaki. Mnana akacheka na kulia kwa pamoja.

Mwalimu Kwera akataka kujua siri. Akaambiwa ni mguu. Akauliza mguu gani. Akachukua jani, akasuka, akatazama chini. Kumbe anakanyaga, na miaka yote hiyo hajui! Akacheka mpaka akapaliwa, akamwita Chiriku akae karibu naye. Tangu hapo chuo kikaweka utaratibu: kila wa mwaka wa kwanza ana wa mwaka wa pili wa kukaa naye, na mkubwa ndiye huanza kusema yeye alishindwa wapi. Hata Kasuku ilimbidi atafute maneno yake mwenyewe.

Mwaka uliofuata akaja mgeni. Kiota chake, pu! Naye anatazama pembeni kama si chake. Mnana akashuka, akaketi karibu naye.

"Mdogo wangu," akasema, "changu nacho kilifunguka hapa."

Basi, wanangu, na ninyi watu wazima mliojifanya mmewaleta watoto: aliyevuka mto jana ndiye anayekumbuka penye kina. Ukishavuka usiende zako, geuka umpe mwenzio mkono. Hadithi yangu naitua hapa. Anayeipenda ambebee na mwenziwe.