Bangili Mbili za Bibi

Bi Mwanapili wa Chake Chake alipofariki, aliwaachia wajukuu zake wawili bangili mbili za njano, kila mmoja achukue moja. Mbaruku alikuwa na malori matatu. Mize, aliyemuuguza bibi miaka minne, aliuza hereni na mikufu ya bei rahisi sokoni.

"Mimi mkubwa, nachagua kwanza," alisema Mbaruku. "Moja ni dhahabu tupu, nyingine bandia. Wewe ndiyo biashara yako. Bandia hujulikanaje?"

"Iliyochovywa dhahabu haina maisha, kaka. Ukiisugua inachubuka."

Mbaruku akaokota kipande cha tofali, akazisugua zote mbili kwa nguvu. Moja ikajaa mikwaruzo. Nyingine haikupata hata alama. Akaivaa hiyo, na ile ya mikwaruzo akamsukumia Mize.

"Umeridhika, kaka?"

"Nimeridhika. Twende kwa sheha tukatie sahihi, usije ukanigeuka."

Wakaenda, wakatia sahihi.

Wiki iliyofuata Mbaruku alirudi kutoka kwa sonara, uso umemshuka. "Hii ni chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, kimepakwa titani ya rangi ya dhahabu. Haina dhahabu hata chembe."

"Najua. Nilimnunulia bibi mimi mwenyewe, awe anavaa akiosha vyombo. Rangi yake haibanduki."

"Si uliniambia bandia inachubuka?"

"Nilikuambia iliyochovywa inachubuka," alisema Mize, huku akipanga hereni zake. "Dhahabu tupu hukuniuliza, kaka. Nayo ni laini, hukwaruzika vilevile."