Bei ya Mkuki wa Bi Nyanjige

Soma hadi mwisho, halafu mtumie ndugu yako yeyote aliye mwepesi kuchangia mazishi na mzito kuchangia matibabu.

Katika mji mmoja wa Usukumani aliishi Bi Nyanjige, mwalimu wa michezo mstaafu. Ujanani alirusha mkuki kwenye mashindano ya Afrika na akarudi na dhahabu, enzi ambazo wanaume wa kwao walisema mwanamke akishika mkuki mvua inagoma. Mkuki wenyewe alirudi nao pia. Mwaka huo mvua ilinyesha, na hakuna aliyemwomba radhi.

Mkuki ule ulikaa ukutani sebuleni miaka arobaini na mitano, juu kabisa, karibu na dari.

Siku moja akaja dalali wa vitu vya kumbukumbu za michezo, Bwana Kihampa. Aliutazama kutoka chini, akataja bei. Bi Nyanjige akakubali papo hapo. Alikuwa bado anawafundisha wasichana wa sekondari ya kata kurusha, na wasichana wale walikuwa wanarusha fito. Mashindano ya mkoa yalikuwa njiani, na hakuna mwamuzi anayepima fito. Alitaka kuwanunulia mikuki ya kweli.

Wanawe wawili, Maduhu na Ng'wandu, wakamzuia. Walikuwa wameshamvuta dalali pembeni na kumuuliza bei hupanda lini. Dalali, mtu mkweli, akawaambia kwamba vitu vya mwanamichezo hupanda hata mara tatu mwenyewe akishafariki.

Basi wakamrudia mama yao na maneno laini. Mama, tusiwe na haraka. Mama, hii ni mali ya ukoo. Mama, soko nalo lina msimu wake.

"Na msimu wenyewe ni lini?" akauliza.

Maduhu akakohoa. Ng'wandu akatazama simu yake.

"Kwa hiyo nikiendelea kupumua ninawaharibia biashara?"

Wakasema hapana, Mama, usiseme hivyo. Lakini hawakumwambia aseme vipi.

Tangu hapo wakawa walinzi. Maduhu alibadilisha kitasa cha mlango. Ng'wandu aliupiga mkuki picha, akaituma kwenye kundi la ukoo na maneno mawili: Fahari yetu. Watu sabini na tatu wakapongeza. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mama anaendeleaje. Hoja hiyo naiacha mezani kama ilivyo, naendelea.

Mwezi wa nne Bi Nyanjige akashikwa na malaria kali, akalazwa siku tatu. Wanawe walifika haraka, sitawanyima haki yao. Ila aliporudi nyumbani alimkuta Bwana Kihampa sebuleni. Walikuwa wamemwita aukague mkuki na kuuandikia hati mapema, kwa tahadhari tu.

Dalali akapanda juu ya kiti, akautoa ukutani. Akaupima uzito mkononi mara moja. Akashuka polepole.

"Jamani," alisema, "hili ni bomba la maji."

Kweli lilikuwa bomba la plastiki, limepakwa rangi ya fedha, na ncha yake kipande cha mti kilichochongwa. Maduhu akaanza kutaja polisi. Mama yao, ambaye hata kanga ya safari alikuwa hajaivua, akamwambia akae chini.

"Niliuza," alisema. "Wiki ileile mliyoniambia nisiwe na haraka. Kuna chuo cha michezo kilikuwa kinaniomba tangu zamani. Hilo nilitengenezewa na fundi bomba kwa nusu siku, na nyinyi mmelilinda miezi minne."

Ng'wandu akanung'unika kwamba ameuza kwa theluthi ya bei.

"Hiyo bei kamili ningeipokea kwa mkono gani, mwanangu? Siku walipouweka mkuki kwenye kabati la kioo waliniita mbele, wakasoma jina langu, wakapiga makofi. Niliyasikia kwa masikio yangu haya. Nyinyi mlitaka nipigiwe nikiwa ndani ya jeneza, halafu mseme nimependeza."

Dalali alicheka kabla hajajizuia. Kisha akamwomba mama msamaha, akasema yeye alitaja tu hali ya soko. Bi Nyanjige akamjibu kwamba hakukosea; aliulizwa swali baya, akatoa jibu sahihi.

Wanawe walikuwa wameinamisha vichwa. Hakuwatukana. Aliwaeleza kwamba wasichana sasa wana mikuki kumi na miwili, na kwamba kwenye mashindano ya mkoa walichukua nafasi ya kwanza na ya pili. Wao hawakujua, kwa sababu hawakuwahi kuuliza.

"Yuko mmoja anaitwa Minza," alisema, na hapo sauti yake ikanyooka kama ya mwalimu mbele ya gwaride. "Amebakiza mita mbili aivunje rekodi yangu. Ikivunjwa nataka niwe nimesimama pale pale, nione mkuki ulipoangukia."

Akachukua filimbi yake mezani, akatoka kwenda uwanjani. Bomba akawaachia.

Funzo: Wakati mzuri wa kuuza kilicho chako ni ukiwa hai na una la kufanya nacho; anayekwambia ngoja, muulize yeye anangoja nini.