Mche Aliousifia Pimbi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupika kama sisi, Bi Pimbi aliishi juu mlimani, kwenye baridi ya kugonganisha meno. Ndugu zake wote walikwisha kuhamia bondeni kwenye joto. Alibakiwa na jirani mmoja tu, Bwana Nyati.

Huyo Nyati naye alikuwa jirani wa namna yake. Wakivuna viazi, gunia kubwa lake. Wakikata kuni, mzigo mnono wake. Lakini kila jioni alipiga hodi, wakaota moto pamoja, na Pimbi akalala akiwa amesikia sauti ya mtu. Bila hiyo, upweke ungemmaliza.

Siku moja Nyati alirudi kutoka bondeni akihema, hee, hee, na miche mgongoni.

"Hii ni mipichi, hii mitufaha," alisema. "Nimeibeba mimi, nachagua mimi. Wewe utapanda itakayobaki."

Pimbi aliijua mipichi. Mama yake aliwahi kuipanda. Kipupwe kikianza tu kulegea, yenyewe inakurupuka usingizini na kuchanua. Kisha sakitu, ule umande ulioganda kuwa barafu, hurudi mara ya mwisho na kuunguza maua yote. Mtufaha hupenda baridi ndefu, na hauamki mpaka sakitu imekwenda zake.

Angeweza kusema. Lakini alikumbuka yale magunia ya viazi, roho ikamuuma, akajitia kulia.

"Niachie mipichi, Bwana Nyati. Inachanua mapema, nami mnyonge nitawahi kula. Hiyo mitufaha mivivu itanizeesha."

"Aka! Uwahi kula wewe, mimi nikitazama?" Nyati akaikumbatia mipichi yote. "Chukua mivivu yako."

Pimbi aliingia ndani, akajifunika blanketi, akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Miaka ikapita, miti ikakua. Kipupwe kilipolegea, shamba la Nyati likajaa maua ya rangi ya waridi, naye akatembea kifua mbele. Shamba la Pimbi lilikuwa vijiti vikavu. Kisha alfajiri moja sakitu ikarudi. Jua lilipotoka, maua ya mipichi yakaanguka, pu, pu, pu, yameungua yote. Mitufaha ikaamka baadaye, taratibu, ikazaa mpaka matawi yakainama.

Mwaka uliofuata mambo yakawa yaleyale. Nyati akaja, amekonda, akasimama nje ya ua.

"Jirani, ulijua?"

Pimbi alitazama chini. "Nilijua."

"Ungeniambia, tungepanda mitufaha sote. Mlima huu ungetutosha."

"Na wewe ungeniachia gunia kubwa, hata mara moja?"

Nyati alifikiri. "Labda nisingekuachia," alisema. "Lakini nilikunyang'anya ukiniona. Wewe umenichekea usoni miaka yote hii, nikiota moto wako."

Akajitwika chungu na mkeka wake, akashika njia ya bondeni.

"Ngoja, Bwana Nyati, tule wote! Yapo mengi!" Pimbi alipaza sauti. Upepo ukamjibu, vuuu.

Akaketi peke yake katikati ya vikapu, akauma tufaha moja, kacha. Lilikuwa tamu kweli. Akageuka amwambie mtu kwamba ni tamu, hapakuwa na mtu.

Basi, wanangu, ukimlaghai jirani uliye naye mmoja tu, umejilaghai mwenyewe.