Hodi ya Bwana Korongo

Hapo zamani za kale, wanangu, paliondokea Mbayuwayu aliyekuwa na kwao kuwili. Miezi sita alikaa kaskazini, nchi za baridi. Miezi sita akakaa huku kwetu, kwenye matete ya ziwa. Sasa kwao hasa ni wapi? Nimewauliza wengi, nimefikiri miaka mingi, sijapata jibu. Na nyinyi msinijibu haraka.

Basi mwaka mmoja alirudi na watoto wake wanne. Walikuwa wameufuata Mto Nile pamoja na akina Keremkerem, wale ndege wala nyuki, wakavuka jangwa, mabawa yakafa ganzi. Walichotaka ni kimoja tu: kulala ndani ya matete, Mwewe asiwaone.

"Hodi!" akaita Mbayuwayu kwa adabu.

Bwana Korongo akachomoza shingo yake ndefu ukingoni mwa matete, akawageukia ndege wenzake.

"Mmesikia wenyewe? Amepiga hodi! Mtu hupiga hodi kwake?"

"Lakini Bwana Korongo, mwaka jana nililala hapa hapa!"

"Mwaka jana ulikuwa mgeni, na mwaka huu mgeni. Maji yamepungua, bibi. Wageni walale kule mchangani."

Kule mchangani ndiko Mwewe alikopata chakula chake cha jioni.

Simlaumu sana Korongo. Maji yalikuwa yamepungua kweli, na hofu ilikuwa imemkaa kooni, na koo lenyewe mnaliona lilivyo refu.

Mbayuwayu akamgeukia Bi Mwari, mkuu wa ziwa. Bi Mwari mwenyewe alikuwa ameingia juzi tu kutoka ziwa jingine, ila hilo hakulitaja.

"Bi Mkubwa, sheria ndiyo hiyo? Anayepiga hodi ni mgeni, anayeitikia karibu ni mwenyeji?"

"Ndiyo hiyo," akasema Bi Mwari, mfuko wa kidevu ukitikisika.

"Haitabadilika?"

"Haibadiliki!" akadakia Korongo. "Na isikike ziwa zima!"

"Haya. Naomba basi nikawaogeshe wanangu humo ndani, wamejaa vumbi la jangwa. Kisha tutakwenda huko mchangani."

Nani angemnyima mama maji ya kuogesha watoto? Wakazama kwenye matete, chubwi, chubwi! Mara sauti ya Mbayuwayu ikatoka:

"Yarabi! Vyura gani hawa! Wamenona, wamelala, wanakoroma!"

Korongo akameza mate, glu! "Vyura? Wangapi?"

"Nitawahesabuje? Sisi hatuli vyura, tunawaruka tu. Ala! Wameanza kuamka!"

Korongo akanyanyua mguu aingie.

"Wee! Simama hapo hapo!" akafoka Mbayuwayu. "Mabinti wanaoga humu! Mtu mzima na heshima zako, unaingia bila kubisha?"

Ndege wote wakageuka kumtazama. Heroe, yule ndege wa rangi ya waridi, akafunika uso kwa bawa. Korongo alisifika ziwa zima kwa adabu zake na ule mwendo wake wa taratibu. Akirudi nyuma, vyura wanakwenda zao. Akiingia, ni aibu. Akakohoa, akalainisha sauti:

"Hodi, hodi humo ndani!"

"Karibu!" zikaitikia sauti tano kwa pamoja. "Karibu, mgeni wetu!"

Kwa kwa kwa! Bi Mwari alicheka hata samaki aliyekuwa mdomoni akaponyoka, akaenda zake.

"Nilikuwa nabisha tu!" akalia Korongo. "Na hao vyura wako wapi?"

"Vyura gani tena, mgeni?"

Korongo akautazama mchanga: kwa sheria yake mwenyewe, mgeni sasa ni yeye. Mbayuwayu akamwonea huruma, akanong'ona na Bi Mwari. Ndipo ikaamuliwa: matete ni ya wote, na kila ndege atokaye safari, hodi yake iitikiwe. Mwitikiaji awe Korongo mwenyewe. Akasimama pale kwa mguu mmoja, na kabla jua halijazama alikwisha kuwakaribisha ndege Sululu kumi na wawili waliotoka safari, mmoja mmoja, kwa jina.

Funzo lake, wanangu: ukitunga sheria ya kumfukuza mwenzako, ipime kwanza kwenye shingo yako.