Mto wa Sufi na Gurudumu Lililolia

Hapo zamani, katika mji mmoja wa mawe uliokuwa na matabibu wengi kuliko wagonjwa, palikuwa na chama cha matabibu kisichotafuta faida. Ndivyo ilivyochongwa juu ya mlango wake, na ndivyo alivyojibu mkuu wa chama, Mwinyi Zahidi, kila mara mafundi wa nyumba ile walipomwomba kitu. Mafundi hao walikuwa wanne, na kazi yao ilikuwa kulitunza gurudumu kubwa lililopandisha maji kutoka kisimani, yakaosha vyombo vya dawa na kurushwa katika chemchemi ya ukumbini.

Basi mhimili wa gurudumu ukakauka, likawa linalia mchana kutwa kama punda aliyenyimwa maji. Mafundi wakaomba mafuta. Mwinyi Zahidi akawaita barazani, akawahutubia juu ya utukufu wa kazi yao tangu asubuhi hata adhuhuri, kisha akaagiza kwamba kila mwezi ukiandama fundi mmoja avikwe koja la asumini na aitwe Fundi Bora. Wakaomba mafuta tena, wakapewa hotuba na koja. Ikawa hivyo miaka saba.

Mkubwa wao alikuwa Feruzi, mgane, naye hakuwa na kitu ila chumba cha uani alimofia mkewe, Mwana Esha, na mto wa sufi ambao marehemu aliushona kwa mkono wake.

Siku moja Mwinyi Zahidi akamwita.

"Feruzi, Ijumaa Sultani atahudhuria mkutano wetu wa mwaka. Chemchemi isikatike maji, wala mgeni hata mmoja asisikie mlio wa gurudumu."

"Vyema, bwana wangu. Na mafuta?"

"Sisi hatutafuti faida."

"Nalo gurudumu halitafuti faida, bwana. Latafuta mafuta."

"Una ulimi mrefu. Basi mgeni mmoja akisikia mlio ule, ninyi nyote wanne mtahama vyumba vya uani kabla jua halijachwa."

Feruzi akarudi kisimani, akawaeleza wenzake. Makame, fundi wa kamba, akasema, "Tufunge virago, kaka. Mhimili hauliwazwi kwa asumini."

"Ngoja kwanza. Bwana amesema gurudumu linyamaze?"

"Kwa ulivyotueleza, amesema wageni wasisikie."

"Haya. Ndivyo nilivyosikia na mimi."

Ilikuwa desturi ya mji ule mgeni apokewe mlangoni kwa kipande cha pamba chenye attari, akipachike sikioni apate kunukia. Attari chama kilikuwa nayo chupa kwa chupa, bali pamba ilimpasa mgawaji aitafute mwenyewe, na kwa hiyo hapakuwa na aliyeigombea kazi hiyo. Feruzi akaiomba, akapewa. Kisha akaingia chumbani, akauchukua mto wa Mwana Esha, akatafuta mshono uliolegea apate kuufumua. Hakuuona. Mishono yote ilikuwa imeshonwa vizuri. Akakaa nao magotini kitambo, ndipo akachukua kisu.

Siku ya Ijumaa akasimama mlangoni na sinia, na kila mgeni akamtia sufi yenye attari masikio yote mawili, akaisukuma kwa kidole.

"Mbona ndani hivi?" akauliza Sultani.

"Ndivyo harufu idumuvyo, maulana."

Mwinyi Zahidi akaanza hotuba yake, juu ya furaha ya watumishi wa chama. Nje gurudumu likalia kuliko siku zote. Yeye alilisikia, akatazama nyuso za wageni, akaziona zimetulia na vichwa vinatikisika kwa kukubali. Akafurahi, akaongeza sura tatu ambazo hakukusudia kuzisoma.

Hata sikio likamwasha Sultani, akachomoa sufi. Akashtuka, akamchomoa na waziri wake.

"Waziri, punda gani huyu? Na bwana huyu amesema nini?"

"Sikusikia hata neno, maulana."

"Nawe ulikuwa ukitikisa kichwa."

"Niliwaona wenzangu wakitikisa."

Mwinyi Zahidi akasema, "Maulana, ni fundi huyu. Amewaziba wageni masikio."

Sultani akamgeukia Feruzi. "Kweli?"

"Kweli, maulana. Niliamriwa mgeni asisikie gurudumu, na mafuta sikupewa. Kuhusu kuziba masikio, sikujua kuwa ni kosa. Miaka saba twasema na bwana wetu hasikii, tukadhani ndiyo desturi ya nyumba."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwendea upande. Kisha akasema, "Omba utakacho."

"Tubaki uani, maulana, na ufunguo wa ghala la mafuta ukae kwetu. Na wageni wakitoka wanirudishie sufi. Ni ya mto."

Akapewa yote. Naye Mwinyi Zahidi akavikwa koja la asumini mbele ya wanachama wake, akaitwa Mkuu Bora, akaketishwa kando ya gurudumu, masikio wazi, mpaka mafundi wamalize kuupaka mhimili mafuta. Nao walifanya kazi ile kwa uangalifu mkubwa, bila haraka yoyote.

Jioni Feruzi akaushona mto. Mshono wake ulikwenda upande, na sufi ilinuka attari ya watu wengi. Akaulalia hivyo hivyo. Uani palikuwa kimya, maji yakipanda. Na habari ya chama kile ikaishia hapo, ila maandishi ya juu ya mlango hayakufutwa.