Chumba cha Kulala cha Chini

Wewe unayejenga, au unayeota kujenga, isome hii taratibu kisha mpelekee mwenzako.

Ambakisye alikuwa afisa kilimo kule Tukuyu. Baada ya miaka mingi ya kujinyima, alipata kiwanja na kuchorewa ramani ya nyumba ya ghorofa. Chini alitaka sebule pana, jiko, na ngazi ya kuzunguka katikati, mgeni akiingia tu aione. Vyumba vyote vya kulala viwe juu.

Mkewe, Tusekile, aliitazama ramani kwa muda mrefu.

"Baba Lusajo, tubakize chumba kimoja cha kulala huku chini. Kidogo tu, na choo chake."

"Cha nani?" Kabla mkewe hajafungua mdomo, akaendelea, "Sema tu unataka kumleta mama yako."

Tusekile akaikunja ramani. Kuta zilipoanza kupanda aliomba tena. Akapewa jibu lile lile, safari hii mbele ya mafundi. Hakulitaja tena jambo hilo.

Nyumba ikaisha, wakahamia. Haukupita muda mrefu, miguu ya Ambakisye ikaanza kufa ganzi, kisha magoti yakagoma kabisa. Godoro likateremshwa sebuleni, likawekewa pazia. Alioga kwenye beseni jikoni. Wageni walimsalimia akiwa amelala. Tusekile naye alishinda akipanda na kushuka, mara shuka, mara dawa, mpaka naye akawa anapumzika katikati ya ngazi.

Jioni moja Ambakisye alishindwa kuvumilia.

"Sema basi kwamba ulikuwa na haki. Mama yako angekuwa na chumba chake, nami ningejibanza humo."

"Nimechoka, Baba Lusajo. Mama alikataa kuhama kwake hata kabla hatujapata kiwanja."

"Sasa kile chumba kilikuwa cha nani?"

"Kilikuwa chako."

Ambakisye akamkodolea macho.

"Nilikuwa nakuona kanisani," Tusekile akasema. "Unapanda zile ngazi umeshika ukuta, unasimama katikati ukijifanya unasalimia watu. Ningekwambia miguu inakwisha, ungekasirika. Nikaona bora niombe chumba."

"Mbona hukuniambia nilipomtaja mama yako?"

"Ulikuwa umeshaamua."

Ambakisye akajifunika uso kwa blanketi. Mkewe alimsikia akilia, lakini hakuwa na nguvu ya kumbembeleza. Alijilaza tu pembeni yake.

Baadaye fundi aliitwa, akaigawa sebule kwa ukuta. Kilipatikana chumba chembamba, chenye giza hata mchana. Wote wawili wanalala humo. Vyumba vya juu vimebaki vitupu, na Tusekile hupanda mara mojamoja kufuta vumbi.

Funzo: Anayeishi nawe huona kuchoka kwako kabla wewe hujakukubali. Akikuomba jambo, muulize sababu, kisha umwache ajibu mwenyewe.