Mpapai Usiozaa

Paukwa!

Pakawa!

Papai!

Limeiva!

Nani wa kulila?

Sisi hapa!

Basi nipeni masikio.

Hapo zamani za kale alikuwapo mjane, jina lake Bi Nyamizi. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mbuzi. Alikuwa na mipapai tu, na mapapai yake ndiyo aliyobadilisha kwa mtama akapata kula. Mipapai saba ilizaa. Mitatu haikuzaa, ilining'iniza vijiua vyake tu, mwaka hadi mwaka.

Siku moja akapita Kima, hodari wa kushauri watu mambo yasiyomhusu.

"Shangazi, mti wa kazi gani ule usiozaa? Unakunywa maji yako bure. Nipe papai moja nikuangushie."

Kipepeo alikuwa juu ya ua. Akasema, "Bibi, usiukate. Huo ni mpapai dume. Nachukua unga kwenye maua yake, nawapelekea majike, ndipo wanazaa."

"Hebu ninyamazie, mdoezi wewe!" Bi Nyamizi akamkemea, akamwambia Kima akate.

Kima akakata, akala papai lake, akaenda zake.

Mwezi wa pili Kima akarudi. Kipepeo akasihi. Mti wa pili ukaanguka, papai la pili likaliwa.

Mwezi wa tatu Kima akarudi. Kipepeo akasihi mpaka sauti ikamkauka. Mti wa tatu ukaanguka. Bi Nyamizi akalitazama shamba lake lilivyo safi, akafurahi kwelikweli.

Msimu ukafika. Mipapai saba ikachanua, maua yakasinyaa, yakapukutika. Halikutoka hata papai moja. Mtama ukaisha ghalani, mjane akawa anachemsha majani ya porini na kulala na njaa. Kima alipokuja kutafuta kibarua kingine, alifukuzwa kwa mwiko, akatoka mbio na tumbo lake tupu.

Bi Nyamizi akamwendea Kipepeo.

"Mwanangu, nimekosa. Njoo shambani kwangu."

"Mbona nakuja kila siku, bibi? Ila miguu yangu haina ule unga wa dume. Nikuletee nini?"

Mjane akalia. Kisha akachukua mbegu za mapapai alizokuwa amezianika, akapanda. Ikaota miche kumi.

"Mche dume ni upi, niutunze?" akamuuliza Kipepeo.

"Sijui, bibi. Hajui mtu mpaka ichanue."

Basi Bi Nyamizi akateka maji mtoni na njaa yake, akaimwagilia yote kumi sawasawa. Hakuuruka hata mmoja.

Funzo la ngano hii, enyi mnaonisikiliza: msimwite mtu mzigo kwa sababu tu hamjaiona kazi yake. Anayemwondoa mwenzake bila kusikiliza, shida itamfundisha.

Ngano yangu nimeitua hapa. Aliyeelewa aondoke nayo, aliyesinzia akamuulize jirani yake.